Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: na sisi tuulizwe maswali mawili

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: WAUGUZI WANAOUMWA MIGONGO NA BARUA ZA KUJIELEZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na mgongo wako hauna neno. Huku wodini hatujambo, ukiondoa wale ambao hawajambo kwa mdomo tu.

Wiki iliyopita mwenzetu wa wodi ya upasuaji alikabidhiwa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa utoro. Utoro wenyewe ni zamu mbili za usiku. Dada huyu analalamika kiuno tangu mwaka juzi. Kapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, kapewa ED (ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi) ya siku tatu, kapigwa picha, pingili zikaonekana ziko sawa, karudishwa zamu. Siku hizi hazungumzi. Chai haji kunywa, kwaya kaacha. Usiku mmoja tulimkuta stoo ya mashuka analia, tukamuuliza, akasema ni mgongo. Uongozi wa hospitali unasema anadeka. Sasa anatakiwa ajitetee kwa maandishi, mtu ambaye hata kuchana nywele kwake imekuwa kazi.

Nikukumbushe kidogo, najua una mengi. Siku ya Wauguzi mwaka jana ulisimama mbele yetu tukiwa na mishumaa mikononi, ukaahidi kwamba anayehudumia naye atahudumiwa, na kwamba vifaa vya kuhamishia wagonjwa viko njiani. Tukapiga makofi. Kilichofika ni fulana. Tunashukuru, ni nyepesi, haziumizi mgongo.

Kazi yenyewe unaijua, nawe ulianzia wodini. Mgonjwa wa kiharusi wa kilo 90 anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Usiku tupo muuguzi na mhudumu, na kitanda chenye wenzo wa kukipandisha kilikufa wenzo huo zamani. Unainama, unavuta, unahamia kitanda kinachofuata. Mgongo wangu ulilia tukimtoa mama mmoja kwenye machela, nikadhani utapoa. Leo kufua nimekabidhi watoto, na mdogo kabisa ameshajifunza kutoniomba nimbebe. Usiku wa mapumziko nao silali. Ikafika mahali sioni haja ya kusuka wala kwenda harusini, na mshahara ukiingia naona ni namba tu. Kipi kilitangulia, maumivu au huzuni, sijui. Nadhani vililelewa pamoja. Kitaalamu hilo si jambo la ajabu: mwenye maumivu sugu ya mgongo yuko katika hatari zaidi ya kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na mwenye sonona mgongo wake huchelewa kupona. Serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazohusika na hali ya moyo, ndizo hizo hizo zinazosaidia ubongo kupunguza maumivu. Kwa nini basi kila nikienda kutibiwa naandikiwa picha na vidonge, halafu naambiwa niache kunyanyua vizito? Vizito vyangu ni wagonjwa wako, Daktari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maswali tunayo. Nilipokuwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, nilikuwa nawauliza wagonjwa fomu ya PHQ-9 ya kupima dalili za sonona, ya Kiswahili kabisa. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Ukifika 10 mtaalamu anakaa na wewe. Haiuzwi, haihitaji mashine. Najua utakachosema: mwenye maumivu halali, na anayekesha zamu lazima achoke, kwa hiyo alama zitapanda bure. Ni kweli, ndiyo maana fomu haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Lakini maswali mawili ya mwanzo hayagusi usingizi wala uchovu. La kwanza linauliza kama kwa wiki mbili hizi umekosa hamu ya kufanya mambo, la pili kama umejisikia mnyonge au huna matumaini. Hayo mawili unamaliza kuyauliza kabla hujafungua bomba la sindano. Nani aliamua kwamba mwenye sare haulizwi?

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wake afya. Sisi tukipimwa tunapimwa presha na macho.

Ila tusipimwe na jirani wa meza. Hapa kwetu faili la mtumishi likipita mapokezi asubuhi, mchana mpishi anakupa pole. Na swali la 9, linalohusu mawazo ya kujidhuru, nani atalijibu kwa ukweli mbele ya bosi wake, katika nchi ambayo kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai? Kuwaza si kosa, najua. Mwambie hivyo mtu mwenye barua ya kujieleza mkononi. Majibu yabaki kwa mtabibu wa nje ya kituo, na anayehitaji msaada apate wa kumsikiliza siku hiyo hiyo. Kuuliza halafu kumwacha mtu mlangoni ni bora kutouliza.

Nilitaka kudai vitanda, watumishi wa usiku, mazoezi tiba kwa watumishi, na ile ahadi yako. Naviacha kwa leo. Naomba kimoja: barua ya mwenzetu isimamishwe, aitwe na mtabibu asiye bosi wake, aulizwe maswali hayo mawili. Ana hadi Ijumaa kujibu. Wewe una simu ya Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, mimi sina ubavu wa kuipiga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi wa zamu ya usiku