Papa Gloire, ngoja kidogo na ile avansi

Lubumbashi, Jumapili mchana

Ndugu yangu Papa Gloire,

Jambo sana, na habari za siku nyingi. Huku Katuba tuko, Mungu anatulinda. Mama Merveille anamsalimia sana Mama Gloire na watoto wote. Ya Célestine amepona, amerudi kwenye meza yake sokoni. Tangu msiba wa mzee Kalala hatujakaa tukaongea vizuri mimi na wewe, na mambo ni mengi, lakini yatangoja.

Nakuandikia kwa sababu ya ile Nissan Leaf, gari la umeme, uliyonitumia picha yake. Uliposema muuzaji anataka avansi, yaani malipo ya mwanzo, kabla ya mwezi kwisha, roho yangu haikutulia. Meseji za sauti zinakatika katikati, ndiyo maana nimechukua karatasi. Tafadhali, usitoe hata falanga moja kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Hizo kilomita 200 kwa chaji moja anazokutajia muuzaji hakuzitunga. Ndicho kipimo kilichotolewa Japani gari hilo lilipotoka 2010, na betri yake ya kilowati-saa 24. Marekani walipolipima kwa njia yao walipata kilomita 117, na hapo lilikuwa jipya kabisa! Mimi hapa hadi Likasi, mji ulio njiani kati yetu, ni kama 120. Wewe kutoka Kolwezi hadi Likasi ni mbali zaidi. Basi ujue tangu sasa kwamba Krismasi mtakuja kwetu kwa basi kama kawaida, hata kama gari limelala uani.

Ila umbali si kitu kinachoniumiza kichwa. Nyumbani, kazini, shule ya watoto, soko, kanisa: kwa siku nzima hufikishi hata kilomita 50. Kinachoniumiza kichwa ni betri yenyewe: imebaki na nguvu gani, imeundwa kwa kitu gani, na imekaa wapi.

Mwambie akupige picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Upande wa kulia, kando ya kipimo cha chaji, kuna vipande vidogo 12 vimepandana. Watu hudhani ni chaji ya leo, kumbe ni uwezo uliobaki ndani ya betri. Kipande cha kwanza huzimika betri ikishapoteza kama asilimia 15. Ukikuta vimebaki 8, hapo una theluthi mbili tu ya betri, na bei unayotajiwa ni ya gari zima. Tena picha peke yake haitoshi, maana kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vipande vyote virudi. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, unasoma hali ya betri kwenye simu. Akikataa kifaa hicho kichomekwe, mwache na gari lake.

Unajua kwa nini Leaf nyingi zimechoka mapema? Betri yake haina mfumo wa kuipoza. Mwaka 2012 watu wa Arizona, jangwani kule Marekani, walilalamika sana kwamba joto limekula betri zao. Sisi tuko juu, usiku wetu wa Juni na Julai una baridi, hiyo inatusaidia. Lakini Oktoba ya Kolwezi unaijua, na gari linaposhinda juani kutwa...

Sasa nikuambie jambo ambalo shemeji hatalipenda. Yeye anasema gari zuri lazima liwe na kobalti yetu. Kweli, kobalti nyingi ya dunia inachimbwa hapo kwenu na huku kwetu. Lakini kwa gari la familia mimi nachagua betri ya chuma na fosfeti, ile wanayoiita LFP, isiyo na kobalti wala nikeli. Unaijaza hadi asilimia 100 bila wasiwasi, na inavumilia kujazwa na kuishiwa mara nyingi zaidi kuliko hizi nyingine. Ubaya wake ni uzito, na kwamba haipendi kuchajiwa penye barafu, na sisi barafu tunaiona kwenye friji tu. Shaba yetu haipotei hata hivyo, gari la umeme linabeba shaba nyingi kuliko la petroli, mara mbili au tatu zaidi.

Lakini hapo pia kuna tatizo. Nyingi za hizo LFP mpya, kama zile za BYD, kampuni ya China, zilizotoka 2020, seli (vipande vya betri vya ndani) zimegundishwa pamoja kuwa kitu kimoja, fundi hana mahali pa kutia spana. Leaf, pamoja na udhaifu wake, imefungwa kwa bolti. Nimefungua moja hapa garajini: makopo 48 bapa ya betri, rangi ya fedha, yamepangwa kwa safu, kila moja na ncha zake za shaba za kupitisha umeme. Moja likifa unalitoa hilo hilo, unaweka lingine, mteja anaondoka. Yaani wanaotengeneza magari ya bei nafuu kwa ajili ya watu kama sisi wangetupa LFP iliyofungwa kwa bolti, wangekuwa wametutendea haki. Naliamini hilo kabisa. Gari lisilofunguka si la bei nafuu hata likiuzwa rahisi.

Na hiyo betri iko tumboni mwa gari, Papa Gloire. Hapo ndipo ninaporudi kila nikifikiri. Corolla yako ya zamani ilipogonga jiwe njia ya kwa mzee Mutombo, karta ya mafuta ya injini ilipasuka, tukaichomea, jioni ukarudi nyumbani. Leaf ina kama sentimita 16 tu kutoka ardhini, na kinachogonga jiwe ni sanduku lenye nusu ya thamani ya gari. Weka watoto watano, mama mkwe, gunia la makala na unga wa bukari nyuma, halafu uingie kwenye mashimo ya Januari yaliyojaa maji usiyojua kina chake! Kama utanunua, tenga pesa za bamba la chuma la kukinga tumbo lote na springi ngumu zaidi. Mimi nitalikata na kulifunga mwenyewe.

Umeme sasa. Umeme wetu ni volti 220, na kwa plagi ya kawaida ya ampea 10, betri ya kilowati-saa 24 inakula karibu usiku kucha na asubuhi yake. Jioni volti zinashuka, nyaya za nyumba nyingi ni nyembamba, kwa hiyo tafuta kebo ya kuchajia unayoweza kuipunguza hadi ampea 6. Kebo nyingi zinakataa kuchaji kama nyumba haina tere, yaani waya wa kwenda ardhini. Kwako haipo, niliona tulipofunga pampu. Tutazika fimbo ya shaba uani, ni kazi ya nusu siku.

Na kwa delestaji hii, yaani kukatwa umeme kila mara, sifa ambayo mimi ningeilipia zaidi ya skrini kubwa na rimu za kung'aa ni gari linalotoa umeme. BYD kadhaa zina uwezo huo: unachomeka adapta mahali pa kuchajia, unapata zaidi ya kilowati 3. Friji ya kawaida inakula kama kilowati-saa 1 kwa siku. Hebu fikiria Mama Gloire na samaki zake, umeme umekatika siku mbili, na biashara inaendelea!

Mengine haraka. Leaf nyingi hazina tairi la akiba, zina kopo la dawa ya kuziba tu. Skrini ya gari la Japani inabaki Kijapani, kwa hiyo vitufe vya kushika kwa mkono ni bora. Usukani utakuwa kulia, na kupita malori kwenye barabara zetu unajua hatari yake. Na wewe ni watu 8 nyumbani, Leaf ina viti 5. Muulize kama anaweza kupata e-NV200 ya viti 7. Ni ya Nissan pia, ndefu, na betri yake inapulizwa hewa baridi.

Nijibu upesi: gari ni la mwaka gani? Liko wapi sasa, Dar au limeshavuka mpaka wa Kasumbalesa? Vipande vingapi vinawaka? Avansi inarudishwa kama betri ni mbovu, na atakubali kuandika hivyo mbele ya mtu? Mama Gloire mwenyewe anasema nini, au hujamwambia? Na Fundi Kabwe bado yuko Kolwezi, anaweza kwenda kulitazama chini kwa niaba yangu? Ukipenda nipande basi nije mimi, sema siku tu.

Ndugu yako,
Papa Merveille