Mauntingi ya giaboksi isichaguliwe kwa ugumu pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wenye magari ya zamani yenye injini za nguvu kuhusu mauntingi ya giaboksi, kifaa kidogo kinachoishikilia giaboksi chini ya gari, ambacho wengi hukikumbuka pale tu gari linapogonga “du!” kila gia inapoingia.

Gari langu lilipoanza mlio huo, nilishauriwa kufunga mauntingi ya chuma kitupu, nami nikakubali kwa pupa. Mtetemo ulipanda hadi kwenye kiti, na kwa kuwa mauntingi za injini zilibaki za mpira, injini ilicheza huku giaboksi ikiwa imebanwa, hali inayoweza kupasua ganda lake. Kwa gari la barabarani, naona mpira mpya unatosha. Poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbulika lakini ngumu kuliko mpira, waachiwe wanaovumilia kelele.

Wakati wa kubadilisha, giaboksi iegemezwe kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake, na bolti zikazwe kabisa baada ya uzito kukaa. Kama mpira wa zamani umelainika kwa oili, sili (kizibo cha kuzuia oili) inayovuja ibadilishwe kwanza, la sivyo mpya nao utaharibika vilevile.

Ni mimi msomaji wako.