Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF): Ukaimu huu wa makocha mpaka lini?

Ndugu Rais,

Salaam kutoka Tanga. Mimi ni kocha wa watoto wa chini ya miaka 15. Zamani nilikuwa beki wa kulia, si wa kuandikwa magazetini, mpaka goti liliponiambia basi. Siombi kazi. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ambalo nikilisikia kwenye kipindi cha michezo asubuhi huwa napunguza sauti ya redio: kaimu.

Nianze na aibu yangu, usije ukadhani nawatetea wachezaji wastaafu kibubusa. Siku ya pili ya kozi yangu ya kwanza ya ukocha, mkufunzi alinipa koni nane, vizibao vya rangi mbili na dakika ishirini, niwafundishe mabeki wa pembeni kupanda na kurudi. Nikacheka moyoni, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka tisa. Nikapanga koni, nikapuliza filimbi, nikaanza kupiga kelele: "Panda! Rudi! We, rudi!" Mkufunzi akasogea taratibu, akaniuliza, "Arudi lini? Akiona nini?" Sikuwa na jibu. Miguu ilikuwa inajua, mdomo haujui. Vijana wakabaki wananitazama na mimi nimeshika koni kama muuza karanga.

Kwa hiyo sina ugomvi na leseni za ukocha za CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Kutundika daluga leo hakukufanyi kocha kesho. Ugomvi wangu ni juu ya yule aliyekwisha kusoma, akakaa kwenye benchi miaka, akapata matokeo, halafu bado anaitwa pale tu nyumba inapoungua.

Mchukue Juma Mgunda, ambaye huku kwetu hahitaji kutambulishwa. Ni wa kizazi cha Coastal Union iliyobeba ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na baadaye akarudi kuwafundisha hao hao Wagosi wa Kaya. Julai 2022 aliwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mpira ukaisha 3-3, tukafa kwa penalti. Mimi nilikuwa kibandani hapa Tanga, na nakuambia kweli, watu walitoka wanapiga makofi ingawa wamefungwa.

Septemba mwaka ule ule Simba ikabaki bila kocha baada ya Zoran Maki kuondoka, na michuano ya Afrika iko mlangoni. Akaitwa Mgunda. Kaimu. Akaitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaenda Luanda akaipiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, akarudi Dar akamaliza kazi kwa bao moja. Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ilipofika Januari 2023 akaletwa Mbrazili Robertinho, na Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024, kocha mwingine wa kigeni, Benchikha, kaondoka, nani anaitwa kumalizia msimu? Yule yule, pamoja na Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, ambaye nafasi ya usaidizi pale ameizoea kuliko kiti cha nyumbani kwake.

Najua utaniambia klabu ni za wenyewe na TFF haiajiri makocha wao. Sawa. Basi tuje nyumbani kwako.

Januari 2024, kwenye AFCON (fainali za Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast, kocha wa Taifa Stars Adel Amrouche akafungiwa na CAF mechi nane. Mkamkabidhi timu Hemed Suleiman "Morocco", Mgunda akiwa msaidizi wake, katikati ya mashindano. Mechi yake ya kwanza, Zambia, Msuva akafunga mapema, tukaongoza mpaka dakika ya 88 Daka wao alipotukata maini. Kisha sare na DR Congo. Huyo huyo Hemed akatupeleka AFCON ya 2025 kwa kuifunga Guinea pale kwa Mkapa, Novemba 2024. Huyo huyo Agosti 2025 akaongoza kundi la CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na kufika robo fainali, tukatolewa na nchi ya Morocco kwa bao moja tu. Novemba, AFCON ikiwa haijafikisha hata miezi miwili mbele, akaondolewa.

Haki ya Mungu, Gamondi aliyempokea hakuharibu. Alipata sare na Uganda, sare na Tunisia, tukavuka makundi kwa mara ya kwanza. Nilishangilia nikakaukwa sauti. Lakini hata yeye mlimtangaza kaimu! Na aliyefuzu si yeye. Mtu akilima, akapanda, akapalilia, halafu siku ya mavuno akaambiwa apumzike, mwanangu anayecheza beki atajifunza nini kuhusu kazi hii?

Sisemi mzawa ni bora kwa kuwa mzawa. Wako wazawa wabovu, nimewahi kufundishwa na wawili. Nasema mzawa apimwe kwa kipimo kile kile. Abdallah Kibadeni, aliyewafunga Yanga mabao matatu peke yake katika zile 6-0 za mwaka 1977, ndiye alikuwa kocha wa Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado tunajadili kama Mtanzania aaminiwe.

Mimi pia nimewahi kuwa kaimu, kwa udogo wangu. Timu moja, jina nitalimeza, ilinipa mechi sita. Hakukuwa na karatasi, kulikuwa na "tutaongea". Nilishinda tatu. Nilijua nimeachishwa nilipofika mazoezini saa kumi jioni nikakuta mtu mwingine amevaa filimbi yangu. Yangu kabisa, nilikuwa nimeisahau stoo.

Hapa ndipo mkono wako unapofika, Ndugu Rais. Kanuni za ligi ni zenu. Wekeni ukomo wa siku za ukaimu, na kabla kaimu hajakanyaga eneo la ufundi awe na mkataba ulioandikwa, wenye mshahara na bonasi zake. Anayetimiza malengo aliyoandikiwa, afanyiwe usaili wa nafasi kamili kabla ya mgeni kukatiwa tiketi ya ndege.

La pili ni kozi. Mna kituo cha ufundi Mnyanjani, hapa hapa kwetu, na kingine Kigamboni. Mchezaji anayestaafu akiwa na miaka 33, watoto watatu na goti bovu, hawezi kulipa ada yote kwa mkupuo na kukaa nyumba ya wageni Dar wiki mbili. Ruhusuni alipe kidogo kidogo, na muanze kumwandikisha leseni D, ile ya kuanzia, akiwa bado anacheza, wakati mshahara upo.

Nina wenzangu watatu niliocheza nao. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja yuko bandarini, wa tatu anauza samaki Deep Sea. Jioni wote huja kunisaidia na watoto. Wameanza kuweka akiba ya ada bila kujua ni kiasi gani wala kozi ijayo ya Mnyanjani ni lini. Tafadhali tangazeni tarehe na bei.

Wako katika mpira,
Kocha wa vijana, Tanga