Nirudishieni Pesa za Mifuko ya Nyanya

Mamboleo,
Kisumu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: MIFUKO MITATU YA KUPANDIA NYANYA KICHWA CHINI

Nilinunua kwenu mifuko mitatu ya kuning'iniza, shilingi 3,600 pamoja na nauli ya kuileta Kisumu, nikalipa kwa M-Pesa. Mmoja umekatika. Miwili iliyobaki nimeiteremsha kabla haijamwangukia mtu.

Someni lebo yenu wenyewe. Mbele imeandikwa "lita 20". Nyuma, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, "uzito usizidi kilo 15". Udongo wa lita 20 ukishanyweshewa maji hupita kilo 25. Sasa mlitaka tujaze nini humo, pamba? Ndoano kwenye boriti ya veranda haikutikisika, na pete za chuma ni nzima. Kilichoachia ni plastiki inayozishika pete: imepauka kwa jua, ukiikunja inapasuka kama biskuti. Na hii ni bidhaa ya kukaa nje! Bahati watoto walikuwa shuleni. Kilichovunjika ni beseni tu.

Mmeandika pia kwamba mche "utaning'inia wenyewe". Mnyanya hufuata mwanga, kwa hiyo shina hupinda pale pale kwenye tundu la chini linapotokea na kuanza kupanda juu. Ukingo wa tundu lenu ni mkali, hauna hata mpira. Upepo wa alasiri kutoka ziwani ukianza, shina husugulika hapo mpaka linachubuka. Mbegu mlizotia kwenye pakiti nazo ni za nyanya ndefu, zile za kufungwa kwa kamba, wakati mfuko kama huu unataka aina fupi kama Cal J, au nyanya ndogo ndogo za cheri.

Maji je? "Mara mbili kwa wiki." Labda kwa wakazi wa Limuru. Kwa joto letu, mfuko unaopigwa na hewa pande zote unataka maji kila siku, na sehemu kubwa hutoka mbio kupitia tundu la chini.

Matunda yalipoanza kuwa meusi kitakoni, niliwapigia simu. Kijana wenu, mpole kweli, akaniambia ni ukungu, niongeze shilingi 850 ninunue dawa yenu. Kuoza kitako si ukungu. Tunda limekosa madini ya kalisi (kalsiamu) kwa sababu mmea unapata maji leo na kukauka kesho. Hakuna dawa ya ukungu inayoponya hilo, na sikuinunua.

Upandaji wenyewe siupingi. Kishamba changu cha nyuma kina mnyauko wa bakteria, ambao hukaa udongoni, na kuotesha nyanya juu ya ardhi kwa udongo safi ni njia nzuri ya kuukwepa. Ndiyo maana nilikuja kwenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, maelezo ya kumwezesha kuitumia vizuri, na fidia akipata hasara. Naomba shilingi 3,600 zangu zirudi kwa namba ile ile niliyolipia, pamoja na bei ya beseni, shilingi 250, ndani ya siku 14. Zikipita, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mifuko ninayo, tumeni mtu aichukue kwa gharama yenu.

Nimeambatisha picha za lebo, za plastiki iliyopasuka, na ujumbe wa malipo.

Wenu,
Mteja, Mamboleo