Kamba wako wanaisha kwenye tenki? Angalia samaki kwanza

Meseji tunayoipata sana dukani ni hii, "boss wale kamba wekundu wadogo mbona siwaoni tena", ukimuuliza tenki lina samaki gani anakwambia ana goldfishi wawili na anjeli mmoja tu. Sasa hapo si jibu unalo, wameliwa. Kamba wa aina hii akikua sana anafika sentimita 3 hivi, na samaki yeyote ambaye kamba anamuenea mdomoni atammeza tu, hata kama umemlisha sasa hivi akashiba.

Na sisi watu wa Mwanza wala haitakiwi kutushangaza. Nenda Mwaloni pale Kirumba uchambue fungu la dagaa vizuri, utakuta kamba wadogo wa ziwani wamo humo humo, wamevuliwa pamoja, na sangara akiwa bado mdogo hao kamba ndio anaowala sana kabla hajakua akaanza kukimbiza samaki wenzake. Kwa hiyo ukija na wazo la kuchanganya kamba na furu au perege kwenye tenki la lita 40 tutakwambia acha, hata kama hela unayo mkononi.

Wanaoweza kukaa nao ni samaki wenye midomo midogo na wapole, neoni, koridora wale wa kulala chini, na gapi. Gapi hamgusi kamba mkubwa ila vitoto anavidonoa kimoja kimoja, we unaona kamba jike kabeba mayai chini ya mkia, 20 mpaka 30 hivi, anakaa nayo karibu mwezi, halafu hakuna kinachoonekana. Beta ni bahati nasibu, kuna anayewaacha kwa amani na kuna anayemaliza wote usiku mmoja.

Ukitaka watoto wapone jaza majani, yale ya mosi (moss, majani madogo laini ya majini) ndio mazuri zaidi maana kitoto kinatoka kwenye yai kikiwa kamba kamili ila kina milimita 2 tu, kinajificha humo na kinakula humo humo. Filta iwe ya sponji, kama unayo ile ya kunyonya kwa nguvu funga kipande cha sponji mdomoni, la sivyo watoto wanaishia ndani ya mashine. Na ukikuta ganda jeupe limelala chini usipige kelele kwamba kamba kafa, amejivua tu, ngozi mpya bado laini ndio maana amejificha siku moja mbili. Liache, watalila wenyewe.

Kuna vifo vingine samaki hahusiki kabisa, na kinachoongoza majumbani ni spreyi ya mbu. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji, sasa dawa inayoua mdudu kwa kamba ni sumu kali sana, unaweza kuamka kamba wote wamelala chali na samaki bado wanazunguka. Jioni ukipuliza zima pampu, funika tenki, fungua madirisha hewa itoke ndio uwashe, au ulale kwenye neti yaishe. Nyingine ni dawa za kutibu samaki, nyingi zina shaba na shaba haipatani na kamba hata kidogo, soma kopo kabla hujamimina.

Maji ya bomba yana klorini, yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini, badilisha kidogo kidogo kama robo hivi. Tenki jipya lisubiri mwezi na zaidi ndio uweke kamba. Hita kwa joto letu hili huihitaji, ila usiweke tenki dirishani linapopigwa na jua la mchana.

Ukichoka kuwafuga usiende kuwamwaga ziwani jamani, ziwa lina kamba wake tayari, na vitu vya kuletwa tumeshaona vinavyosumbua, magugu maji haya asili yake ni Amerika Kusini, watu waliyasambaza duniani kwa sababu ya maua yake. Turudishie dukani.

Ukija kununua njoo na picha ya tenki lako na maji kidogo kwenye chupa safi tukupimie ammonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Mwenye goldfishi hatumuuzii kamba, tutamshauri achukue tenki la pili dogo, la kamba peke yao.