Spielberg hakuanzia kwenye lori

Mhariri,

Makala zinazomtaja mwongozaji filamu Steven Spielberg huanzia kwenye lori la Duel, filamu ya televisheni ya Novemba 1971, kisha zinarukia papa wa filamu ya Jaws. Kuna kituo kinachopitwa. Mapema mwaka huohuo wa 1971, akiwa na miaka 24, aliongoza sehemu mbili za The Psychiatrist, tamthilia ya NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, ambamo Roy Thinnes aliigiza daktari kijana wa magonjwa ya akili. Isichanganywe na The Eleventh Hour (1962 hadi 1964) wala Breaking Point (1963 hadi 1964). Hizo nazo ni za madaktari wa akili, ila ni za enzi ya picha nyeusi na nyeupe.

Tamthilia ya aina hii ina mtego. Daktari wa upasuaji ana kisu na damu. Daktari wa akili ana viti viwili na maneno. Ukitoa matangazo, saa moja ya televisheni ya Marekani wakati ule ilibaki kama dakika 50. Mwandishi akibanwa na muda, mgonjwa atakumbuka jambo la utotoni, atalia, atapona. Dakika ya 45 hajitambui, ya 50 anaaga huku anatabasamu! Mtazamaji aliyewahi kuuguza ndugu hadanganyiki.

Par for the Course, moja ya zile sehemu mbili za Spielberg, iliyorushwa Machi 10, 1971, iliukwepa mtego huo kwa kuchagua mgonjwa asiyepona. Mwigizaji Clu Gulager ni mchezaji wa gofu anayekufa kwa saratani, na kazi ya daktari ni kumsaidia kukikabili kifo chenyewe. Marafiki zake wawili wanakuja hospitalini kumjulia hali. Hawakuleta maua wala matunda, wameleta shimo la 18, lile la mwisho, la uwanja wao wa gofu, wamelichimbua zimazima, nyasi na udongo wake. Mgonjwa anazing'oa zile nyasi, anajimwagia udongo mwilini, analia, anawashukuru. Hapo daktari akifungua mdomo kufafanua, tukio limekufa. Ile nyingine, The Private World of Martin Dalton, inamhusu mtoto aliyejifungia katika ulimwengu wa kuwaza; nzuri, lakini haifiki hapo.

Kusahaulika kwa The Psychiatrist kuna sababu ya kawaida kabisa. NBC iliiweka ndani ya Four in One, mfumo wa tamthilia nne zilizopokezana saa moja ya Jumatano usiku, kila moja sehemu sita. Mbili kati ya hizo, McCloud na Night Gallery, ziliendelea. The Psychiatrist ikakatwa. Na vituo vinavyorudia tamthilia za zamani hutaka rundo la kujaza miezi. Sehemu sita, ukirusha moja kila siku, hazimalizi hata wiki.

Basi kurasa za burudani zikipanga kazi za Spielberg za 1971, The Psychiatrist itangulie, ifuate sehemu aliyoongoza ya Columbo, tamthilia ya mpelelezi, ya Septemba, ndipo lije lori.

Mpenzi wa tamthilia za zamani,
Tanga