Mjomba, nyungu siikatai

Shikamoo Mjomba,

Juzi nilipokuja kukusalimia nilifungua kabati kutafuta sukari, nikakuta vidonge vyako vya presha vimesukumwa nyuma ya kopo la majani ya chai. Vyote vimo, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Palikuwa na wageni, nikanyamaza. Leo naandika, tena hadharani, maana wajomba wa namna yako wamejaa kila ukoo.

Nyungu siikatai. Bibi alikuwa akitufunika blanketi juu ya sufuria ya mkaratusi na mchaichai tukishikwa na mafua. Tunatoka tunachuruzika jasho, tunalala, kesho shule. Hakuna aliyetuuliza tuko upande wa nani.

Hata 2011, ulipopanda Loliondo kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyesema dawa yake inaponya magonjwa sugu, kunywa kikombe cha shilingi 500, ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope, mimi sikwenda na hukunisema. Mawaziri walikwenda, makabwela walikwenda. Asiyetaka alibaki kwake.

Sasa sikiliza hizo sauti unazonitumia WhatsApp. Zinaanza na kitunguu swaumu, kwamba ndicho dawa ya presha. Kabla hujamaliza kukimenya, mabeberu washaingia. Halafu unakumbushwa papai na mbuzi wa Hayati Magufuli, wale aliosema 2020 kuwa sampuli zao zilikutwa na korona. Ikifika mwisho, anayemeza kidonge ameshakuwa kibaraka. Kitunguu, Mjomba, kimegeuzwa kadi ya chama!

Najua utanijibu kwa Tuskegee, wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia. Na ni kweli tupu. Kuanzia 1932 hadi 1972 serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende huko Alabama bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa ndiyo dawa. Wenzetu wa huko wana sababu ya kuogopa, siwacheki. Lakini kisa hicho kirudie polepole. Wale watu walinyimwa dawa. Yako iko kabatini, bima imeshailipia, na anayekunyima ni sauti ya mtu ambaye hata jina lake hulijui.

Jumamosi nakuja na mashine ya kupimia presha. Chemsha mchaichai, nitakunywa vikombe viwili. Ila simu tuiweke chumbani mpaka tumalize kupima; hizo sauti nazo zinapandisha.

Mpwa wako